Kusubiri Kusi

Mbele ya kila kiti cha ndege iendayo Maskati kuna kioo kidogo, na ndani ya kioo hicho mna ramani. Kindege cheupe kimechorwa juu ya bahari ya buluu. Nyuma yake mstari, mbele yake mstari mwingine wa nukta, na pembeni tarakimu zinazopungua: kilomita zilizobaki, muda uliobaki. Kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Abeid Amani Karume, Unguja, hadi uwanja wa Maskati, ukinyoosha mstari juu ya mgongo wa dunia, ni kiasi cha kilomita 3,900. Kwa ndege inayokimbia karibu kilomita 850 kwa saa, ni safari ya saa tano hivi, kupaa na kutua humo humo. Saa za Maskati zimetangulia zetu kwa saa moja, kwa hiyo anayeondoka Unguja saa sita mchana hufika saa kumi na mbili jioni. Mchana mmoja tu, na bahari nzima imekwisha. Abiria wengine hulala, wengine hutazama sinema, lakini mimi jicho langu halibanduki kwenye zile tarakimu. Kila zinapopungua hunijia fikra kwamba kioo kinahesabu kitu kimoja kwa uaminifu mkubwa, na kuna kingine kikubwa zaidi ambacho hakimo katika hesabu yake.

Fuata ule mstari uone unapita wapi. Unaondoka Unguja kuelekea kaskazini mashariki, unaiacha Mombasa na Lamu mkono wa kushoto, unaingia nchi kavu pwani ya Banadir karibu na Barawa, unaikata Somalia hadi Ghuba ya Aden, unavuka maji, unaibuka upande wa Dhofar, kisha unapita juu ya jangwa mpaka kwenye milima mikavu iliyoizunguka Maskati. Rubani huyapita yote hayo wakati abiria anamaliza chai yake. Nahodha wa jahazi aliyajua moja moja: bandari ipi ina kina, ipi ina mwamba mlangoni, kisima kipi kina maji matamu, mji upi una mkopo na upi unataka fedha mkononi. Chini ya mstari huo, pale Barawa, wapo watu ambao lugha yao ya mama ni Chimwini, ndugu wa damu wa Kiswahili, nao wamekaa hapo karne na karne kwa sababu vyombo vilikuwa vikitia nanga. Ndege haitii nanga. Kwa aliyemo ndani yake, Barawa ni weusi kidogo chini ya mawingu.

Wazee wa bahari nao walikuwa na vipimo vyao, na vipimo hivyo vilikuwa vya muda. Manahodha wa Kiarabu waliigawa bahari kwa zamu: zamu moja ni mwendo wa saa tatu, zamu nane ni usiku na mchana. Ahmad ibn Majid, mtu wa Julfar katika Ghuba, aliyeandika elimu yake ya bahari katika karne ya 15, alipima kimo cha nyota kwa vidole. Chombo cha kazi hiyo kilikuwa kibao kidogo chenye uzi wa mafundo: fundo likabanwa kwa meno, uzi ukavutwa ukakaza, ukingo wa chini wa kibao ukalala juu ya upeo wa bahari, na ukingo wa juu ukaigusa nyota. Mtu akielekea kwetu, Nyota ya Kaskazini ilizidi kushuka usiku baada ya usiku, na chombo kilipoivuka ikweta ikatoweka kabisa. Ndipo alipojua amefika bahari nyingine. Basi kuuliza “ni saa ngapi kutoka hapa hadi pale” si desturi iliyoletwa na viwanja vya ndege. Tofauti ni kwamba muda wa rubani ni wa saa ya mkononi, na muda wa nahodha ulikuwa wa upepo, na upepo haukuwa na mwenyewe.

Upepo huo una sababu yake, na sababu ni jua. Wakati wa kiangazi cha kaskazini, bara la Asia hupata moto kuliko bahari, hewa yake ikapanda, na hewa ya baharini ikavutwa kuijaza nafasi. Hapo ndipo kusi huvuma kutoka kwetu kwenda Arabuni, kuanzia Aprili hadi Septemba. Wakati wa baridi mambo hugeuka: bara limepoa, bahari imebaki na joto lake, hewa inasukumwa kushuka kusini, na kaskazi hutuletea vyombo kuanzia Desemba hadi Machi. Kusi likipamba moto, Juni hadi Agosti, bahari ya Arabuni huchafuka hata manahodha wenye kifua walivipandisha vyombo vyao pwani. Kwa hiyo aliyetaka kurudi alikuwa na milango miwili: aondoke mwanzo wa kusi, au asubiri demani, upepo ulipokwisha kupungua ukali. Ukikosa huu na ule ukakupita, umebaki. Hakukuwa na tiketi ya kubadilisha, wala dirisha la kulalamikia. Watu wa mwambao walizihesabu siku kumi kumi kuanzia Nairuzi, siku yao ya mwaka mpya, wakulima kwa ajili ya mvua na mabaharia kwa ajili ya tanga, na hesabu hiyo iliwaambia lini wamngoje mgeni na lini wamuage.

Upepo ukiwa mzuri, jahazi lilichukua wiki tatu au nne kutoka Omani hadi Unguja, na zaidi kama lilishika pwani na kuingia bandari hadi bandari. Lakini wiki hizo hazikuwa safari nzima. Safari nzima ilikuwa kwenda, kukaa, na kurudi, na sehemu ndefu kuliko zote ilikuwa ile ya kati. Baharia aliyefika na kaskazi alikuta miezi mbele yake. Chombo kilipwelewa ufukweni, kikalazwa ubavu, maji yakatoka. Mafundi wakakalafati nyufa za mbao kwa pamba na mafuta, wakapaka shahamu chini mpaka tumbo la chombo likawa jeupe, wakapaka sifa juu, na harufu ile ya mafuta ya papa ikatawala mji mzima. Matanga yalishonwa upya. Tende, chumvi na mazulia viliuzwa kidogo kidogo, kwa maana hapakuwa na haraka. Boriti na karafuu zilinunuliwa hivyo hivyo. Mwishoni mwa mwaka 1938, Mwaustralia mmoja, Alan Villiers, alipanda bumu la Kikuwaiti pale Aden, akasafiri nalo hadi Mogadishu, Lamu, Mombasa, Unguja na delta ya Rufiji, ambako mabaharia waliingia ndani ya matope ya mikoko kupakia boriti. Boriti hizo zilikwenda kubeba dari za nyumba za Ghuba, na upana wa vyumba kule ukafuata urefu wa mti uliokatwa Rufiji, kama ulivyoufuata Lamu na Mji Mkongwe. Watu waliolala wametengwa na bahari walilala katika vyumba vya upana mmoja.

Upepo uliokataa kugeuka kwa ajili ya mtu ndio uliotufanya tuwe tulivyo. Hilo ndilo ninaloliamini, na ndilo lililonikalisha niandike. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1, kilichoandikwa kuwaongoza mabaharia wa Bahari ya Hindi, tayari kinasema kwamba manahodha wa Kiarabu waliokuja mwambao huu waliwazoea wenyeji, wakaoa kwao na kuijua lugha yao. Hawakuijua lugha kwa sababu walikuwa watu wa vipaji kuliko sisi. Waliijua kwa sababu walikaa. Mtu hawezi kukaa miezi mitatu mjini akawa mgeni hadi mwisho. Hata awe bubu, atajua jina la mama muuza maandazi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na jembe hilo si ukarimu uliochoka. Ni mlango. Aliyepewa jembe amehesabiwa miongoni mwa wa nyumbani, atalima nao, atagombana nao, atazika nao. Kilwa ilistawi kwa kiasi kikubwa kwa sababu ilikuwa karibu na mwisho wa safari ya msimu mmoja: chombo cha Arabuni kiliweza kufika hapo na kurudi mwaka huo huo, lakini kilichotaka kwenda Sofala kununua dhahabu kilijikuta kimekwama mwaka mzima. Mipaka ya upepo ikawa mipaka ya miji, na subira ya watu ikawa mashairi, ndoa, misikiti na mapishi.

Lakini sitaki kuipaka subira hiyo asali. Katika vyombo hivyo hivyo, kwa upepo huo huo, walisafirishwa watu waliofungwa, na kwao hapakuwa na msimu wa kurudi. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na pale Mkunazini lilipokuwa sasa pana kanisa kuu la Kianglikana. Aliyetolewa bara karibu na Ziwa Nyasa, akatembezwa hadi Kilwa au Bagamoyo, akapakiwa kwenda Unguja na kisha Arabuni, umbali wake haupimwi kwa zamu wala kwa kilomita. Kusi lililompeleka nahodha nyumbani ndilo lililompeleka yeye mbali na kwao. Wako leo Omani wajukuu wa watu hao, na ramani ya ndege haina rangi ya kuionyesha njia yao. Bahari haikumlinda hata mtawala: Sayyid Said bin Sultan, aliyeyahamishia makao yake Unguja na kuitawala miisho yote miwili ya njia hii, alifariki chomboni Oktoba 1856, akirudi kutoka Omani. Miaka mitano baadaye, 1861, usuluhishi wa Waingereza uliigawa dola yake, na Unguja ikatakiwa kuilipa Maskati dola 40,000 kila mwaka. Kuanzia hapo njia moja ikawa na wenyewe wawili.

Kisha ikaja miaka ambayo umbali uliongezeka bila ardhi kusogea. Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, watu wengi wenye asili ya Omani walikimbia Unguja, na Omani yenyewe haikuwapokea kwa wingi mpaka Sultani Qaboos alipoingia madarakani mwaka 1970 na kuwaita walioko nje warudi kuijenga nchi. Walirudi nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona, wakiwa na Kiswahili kinywani na elimu waliyoipata kwingine. Kwa miaka hiyo yote, ndugu wawili, mmoja Malindi ya Unguja na mmoja Maskati, walikuwa mbali kuliko babu zao waliosubiri kusi. Leo mjukuu wa aliyekimbia hutua kwenye uwanja wenye jina la Karume, akakabidhi pasipoti, ikagongwa mhuri, akapita. Wapo wanaopita wakiwa wamenyamaza. Wapo wanaopita wakicheka na mpokea mizigo. Milima haikutani, binadamu hukutana. Lakini kukutana si kusahau, na uwanja wa ndege ni mahali pafupi mno pa kulimaliza jambo refu kama hilo.

Maji ya kifuu, bahari ya chungu. Methali hii hunijia kila ninapowaona mabinti waliokaa pamoja katika safu za nyuma, hijabu mpya, mkoba mmoja begani, bahasha ya karatasi imeshikwa kwa mikono miwili. Wanakwenda kufanya kazi za nyumbani. Wengi wao hufanya kazi, hulipwa, hujenga kwao; lakini ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2017 iliwaeleza wafanyakazi wa Kitanzania kule Omani na Falme za Kiarabu walionyang’anywa pasipoti, waliofanyishwa kazi bila mapumziko, walionyimwa mshahara. Kwa aliyenyang’anywa pasipoti, saa tano za kurudi Unguja si saa tano tena. Ni mkataba mzima, ni deni la wakala, ni ruhusa ya tajiri. Kilomita ni zile zile 3,900 kwake na kwa mfanyabiashara aliyekaa safu ya mbele, lakini mmoja anaweza kuzigeuza kesho asubuhi na mwingine hawezi. Tunapouliza kutoka huku hadi kule ni mbali kiasi gani, tuulize pia: mbali kwa nani?

Tazama mizani ya kupimia mizigo pale uwanjani Unguja uone jinsi watu wanavyokataa kushindwa na umbali. Mama wa makamo ana boksi lililozungushwa kamba ya katani, jina la mwanawe limeandikwa kwa wino mzito pande zote nne. Mizani imesema limezidi. Analifungua pale pale sakafuni, na yaliyomo yanajitokeza: shokishoki zilizofungwa katika khanga ili zisibonyee, pakiti za karafuu, papa mkavu ndani ya mifuko mitatu ili harufu isimwaibishe, chupa ya achari ya embe. Anatoa nguo zake mwenyewe, anazirudisha kwa kijana aliyemsindikiza. Papa habaki. Akifika kule, boksi hilo litafunguliwa mbele ya watoto waliozaliwa Maskati, na wakati wa kurudi litajazwa halua, tende na udi. Jioni wakitoka watakuta kando ya barabara mkaa umewashwa na mishkaki inageuzwa, kwa jina lile lile na karibu utamu ule ule wa Forodhani. Yote hayo yalipandwa na watu waliokuwa na muda wa kupanda. Sisi wa ndege tunayavuna.

Wala siilaani ndege. Zamani, mama akifa Unguja mwezi Juni, mwanawe wa Maskati aliweza kula, kucheka na kumpangia zawadi kwa miezi kadhaa bila kujua kwamba amezikwa, kwa sababu habari ilisubiri upepo kama kila kitu kingine. Leo simu inalia kabla maiti haijaoshwa, na akiwahi ndege hukuta bado kuna udongo wa kutia mkono. Mgonjwa anapelekwa kwa daktari akafika akiwa hai. Hiyo ni rehema, na asiyeiona hajawahi kungoja. Ninachosema ni kwamba tulipopewa kufika, tuliacha kukaa, na hakuna aliyetuambia kwamba hivi ni vitu viwili. Siku hizi tunakwenda harusini Alhamisi na kurudi Jumapili. Tunaingia matangani na sanduku la magurudumu, tunatoa ubani, tunatazama saa. Watoto wa ndugu wawili wanakutana mara nne au tano maishani, kila mara wakiwa wamevaa nguo za sherehe, na wakikua hawajui cha kuambiana isipokuwa habari za nyumbani na habari za safari. Kiswahili kimehifadhiwa Maskati na bibi na babu waliokaa. Wajukuu wanaopita likizo ya wiki moja wanarudi na picha, hawarudi na lugha.

Upepo ulitulazimisha kufanya jambo ambalo sasa inabidi tulichague wenyewe. Hakuna tena kusi la kumfungia mtu njia. Lipo tu shirika la ndege linalompa tarehe aitakayo. Ndiyo maana uzito umehamia kwetu. Wewe mwenye ndugu Maskati, Salala au Sur, na wewe uliye huko mwenye shangazi Wete au Makunduchi: kama kazi inakuruhusu na mfuko unakuruhusu, usikate tiketi ya siku nne. Kata ya mwezi. Wapeleke watoto wakati hakuna harusi wala msiba, siku za kawaida za kuchota maji na kununua mkate, wakapigwe na jua la huko na kutukanwa na binamu zao. Ukimpokea mgeni, usimweke sebuleni juma zima kwa sahani na vikombe vya kabatini. Siku ya tatu mpe jembe. Na kama jirani yako ana binti katika nyumba ya watu ng’ambo, muulize ana habari gani, ana pasipoti yake au hana, na msaidie apate wa kumsemea. Bahari haitutengi tena. Kinachotutenga sasa ni kwamba tunapita.